KILIMO CHA VIPIMO HUKO ZIWANI
Mambo yaliyojaribiwa Mwanza, na yapi kati ya hayo yatufaayo sisi wenye mikarafuu

Wanachama wengi wamekwisha kusikia maneno haya: kwamba siku hizi shamba halilimwi kwa jembe tu, bali kwa simu, na setilaiti, na ndege zisizo na rubani, kwamba mashine yaweza kulitazama jani na kutaja ugonjwa wake, na kwamba mwenye shamba asiyekubali kuandika habari za shamba lake katika mitambo hiyo ataachwa nyuma. Baadhi ya maneno hayo ni kweli. Mengine ni maneno ya watu wenye kitu cha kuuza. Na kwa kuwa iko siku mtu atafika barazani kwako na simu mkononi, akitaka umwambie idadi ya miti yako na mipaka ya shamba lako, yafaa ujue mapema nini cha kumjibu.

Tumeona heri tusiseme kwa kukisia, bali tutazame mahali ambapo mambo haya yamejaribiwa kwa miaka kadha wa kadha na wakulima wadogo, nako ni Mwanza na nchi ya Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria. Wenzetu wa huko hawana karafuu. Wana pamba, na muhogo, na mpunga, na mahindi, na viazi vitamu. Lakini wengi wao wana eka chache kama sisi, na fedha za kubahatisha hawana, kama sisi.

Kwanza jina lenyewe. Kilimo cha vipimo maana yake ni kuacha kulitendea shamba zima kana kwamba ni kitu kimoja, na badala yake kupima kila sehemu na kuipa kile inachohitaji, si zaidi wala si pungufu. Jambo hili katika sura yake ya kisasa lilianzia Marekani katika miaka ya 1980 na 1990, kwa wakulima wenye mashamba ya maelfu ya eka na matrekta makubwa. Trekta hujua mahali lilipo kwa kupokea habari kutoka setilaiti, na mashine ya kuvunia huandika mavuno ya kila kipande. Mwezi wa Mei mwaka 2000 Serikali ya Marekani iliacha kuzipunguza kwa makusudi nguvu za habari hizo kwa watu wa kawaida, na tangu hapo mtu yeyote mwenye chombo kidogo aliweza kujua mahali aliposimama kwa kukosea hatua chache tu. Leo chombo hicho kimo ndani ya simu ya mkononi.

Lakini mkulima wa Misungwi au wa Sengerema hana trekta la namna hiyo, wala hatakuwa nalo kesho. Basi swali la Mwanza lilikuwa jingine: je, vipimo hivi vyaweza kumfaa mtu mwenye eka tatu na jembe?

ARDHI YENYE MAJINA

Ni lazima tuseme kwamba Wasukuma walikuwa na vipimo vyao kabla ya setilaiti. Nchi yao ni ya vilima vidogo vya mawe makubwa ya matale, na kutoka kilimani kushuka bondeni udongo hubadilika kila baada ya mwendo mfupi. Juu huko karibu na mawe kuna mchanga mwepesi uitwao luseni. Chini yake hufuata udongo mwingine, kama itogolo na ibambasi, ambao tabaka lake la ndani ni gumu na maji hayapenyi upesi. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kila udongo una jina na una kazi. Muhogo na karanga huwekwa kwenye mchanga. Mpunga huwekwa chini, katika vitalu vyenye kingo za kuzuia maji viitwavyo majaluba. Mtoto wa mkulima hujua mambo haya kabla hajajua kusoma.

Mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Usambara, Bwana Geoffrey Milne, alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika mwaka 1935 na 1936, akaeleza jambo hili hili kwa lugha ya sayansi: kwamba aina za udongo kutoka kilimani hadi bondeni ni kama pete za mnyororo mmoja, na huwezi kuielewa moja bila ya jirani zake. Aliupa mpango huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo hufundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kote hadi leo. Wachache wanaolisoma huko wanajua kwamba limetoka Afrika ya Mashariki.

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini kidogo ya mji wa Mwanza, kimefanya kazi katika udongo huo tangu miaka ya 1930. Huko ndiko zilikozaliwa mbegu za pamba zenye herufi UK, ambazo watu wengine hudhani zimetoka Uingereza, kumbe herufi hizo ni za Ukiriguru. Mbegu hizo zilichaguliwa kwa majani yenye manyoya, ambayo wadudu wadogo wafyonzao utomvu hawayapendi. Huko pia yalifanywa majaribio ya miaka mingi ya samadi na ya matuta yaliyofungwa kwa kingo ili maji ya mvua yasitoroke. Kwa sasa kituo hicho ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI.

Lakini yako mafundisho mengine katika historia ya Usukuma, na haya ni machungu kidogo. Baada ya mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Matuta yale yale, na samadi ile ile, vikageuzwa kuwa amri, na asiyetii akatozwa faini. Mashauri mengi katika hayo yalikuwa mazuri. Watu waliyachukia yote kwa jumla, mazuri na mabaya, na kabla miaka ya 1950 haijaisha amri hizo zikawa hazitekelezeki. Anayetaka kuwaletea wakulima vipimo vipya yafaa aikumbuke habari hiyo.

UJUMBE KUTOKA KONDENI

Sasa tuje kwenye muhogo, kwa maana ndio uliofungua mlango.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa batobato, wenye ukali usiopata kuonekana, ulianza kuangamiza muhogo huko Uganda. Ulishuka kusini mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia Kagera. Watu walikuwa hawajapumua, mara ukazuka wa pili. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia sisi wa pwani twaujua tangu zamani, Bwana H. H. Storey wa Amani aliueleza mwaka 1936. Wakati wote huo iliaminika kwamba ni ugonjwa wa nchi za chini, na kwamba hauwezi kukaa katika nchi za juu kama za ziwani. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, na baada ya miaka michache ukawa katika mikoa ya ziwa upande wa Tanzania.

Ubaya wa michirizi ya kahawia ni udanganyifu wake. Shina limesimama, majani yana rangi, mkulima hana wasiwasi. Siku anapochimba ili watoto wale, anakuta mizizi imeoza ndani, ya kahawia na migumu kama gome, haifai kwa chakula wala kwa soko. Mwaka mzima umepotea. Na kama mwaka huo alikwisha wapa jirani zake pingili za kupanda, amewapa na ugonjwa pia; kwa maana huenezwa na inzi weupe wadogo, lakini kwa safari ndefu huenezwa na mikono yetu wenyewe.

Ukiriguru na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, walikuwa na mabwana shamba wachache mno kuweza kutembelea kila konde. Ndipo kuanzia mwaka 2009, chini ya mpango wa muhogo wa nchi sita za Maziwa Makuu, wakajaribu njia nyingine. Vikundi vya wakulima katika wilaya za Kanda ya Ziwa vilifundishwa kuzitambua dalili za magonjwa yote mawili, na kila mwezi vikaenda makondeni kukagua, kisha vikapeleka majibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Simu zenyewe zilikuwa zile ndogo za kawaida, zisizo na picha, na gharama ya muda wa simu ililipwa na mpango. Wataalamu wakakaa na ramani, wakaona wapi ugonjwa umetajwa kwa mara ya kwanza, wakaenda huko wenyewe kuhakikisha.

Twalikaza jambo hili kwa sababu halina fahari, na watu wa mitambo mikubwa hulipita haraka. Takwimu hizo ziliokotwa na wakulima, kwa macho yao. Chombo kilikuwa cha bei ndogo. Na aliyetuma habari alijua kwa nini anaituma: ili pingili mbovu zisiletwe kijijini kwake.

AKILIMO

Baadaye zikaja simu zenye picha na intaneti, na kazi ikapanda ngazi. Katika mwaka 2016 IITA na wenzao, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, walikuwa wameanzisha mradi mkubwa wa muhogo katika Nigeria na Tanzania. Ukiriguru ilishiriki kwa upande wa Kanda ya Ziwa, na majaribio yalifika hata kwetu Zanzibar. Tunda la kazi hiyo ni programu ya simu waliyoipa jina la AKILIMO, akili na kilimo katika neno moja. Jina limetungwa vizuri, tuwape haki yao.

Mkulima, au bwana shamba akiwa pamoja naye, husimama kondeni na simu ikajua mahali alipo. Kisha huulizwa maswali: konde ni kubwa kiasi gani? Utapanda mwezi gani na kuchimba mwezi gani? Ni mbolea zipi zipatikanazo dukani kwako, na kwa bei gani? Muhogo utauuza kwa kiasi gani? Una fedha ngapi za kutumia, na je, wewe ni mtu wa kuthubutu au wa kujihadhari? Huonyeshwa pia picha za mafungu ya muhogo, dogo na kubwa, achague lifananalo na mavuno yake ya kawaida. Akimaliza, programu humjibu: tia mbolea hii kiasi hiki, utapata nyongeza ya tani kadha, na faida yako baada ya gharama itakuwa kiasi hiki.

Nyuma ya jibu hilo kuna hesabu za namna mbalimbali. Kuna ramani za udongo zilizotengenezwa kwa sampuli zilizopimwa maabara na picha za setilaiti. Iliyo maarufu katika Afrika, iliyotolewa mwaka 2021, imetumia sampuli zaidi ya 100,000 na inaligawa bara zima katika miraba ya mita 30 kwa 30. Kuna makisio ya mvua ya miaka mingi. Na kuna kanuni ya kukadiria chakula kilichomo katika udongo, iliyotungwa na wataalamu wa Wageningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 1990, kwa kutumia majaribio ya mahindi yaliyofanywa Kenya.

Lakini kinachotupendeza sisi zaidi katika AKILIMO ni jibu moja ambalo muuzaji wa mbolea hawezi kulitoa: usitie. Ikiwa bei ya mbolea ni kubwa na bei ya muhogo ni ndogo, programu humwambia mkulima wazi kwamba mbolea haitamlipa, akae na fedha zake. Kwa miaka mingi mashauri ya mbolea yalikuwa ya mkoa mzima, mifuko kadha kwa eka, awe mtu ni wa luseni au wa mbuga, awe karibu na soko au mbali nalo. Mwenye mchanga alipata hasara akalaumiwa kwamba ni mvivu. Hesabu inayoanza na bei ya duka la kijijini ni heshima kwa mkulima.

Ina mipaka yake, nayo tuitaje. Mraba wa mita 30 ni sawa na robo ya eka hivi, na ndani ya robo eka ya Usukuma udongo waweza kubadilika mara mbili. Mvua ya setilaiti hukisiwa kwa miraba ya kilomita kama tano kwa tano. Na anayeijua Pemba anajua kwamba Mtambile yaweza kulowa siku nzima na Chake kukawa kukavu. Tena muhogo hukaa ardhini miezi minane hadi kumi na miwili na zaidi, na bei iliyoandikwa siku ya kupanda si lazima iwe bei ya siku ya kuchimba. Mashine haijui kesho. Hukisia, kama sisi, ila hukisia kwa kumbukumbu nyingi zaidi.

JICHO LA MASHINE

Ndugu yake AKILIMO ni programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na IITA. Hii hutazama majani. Mafundisho yake ya kwanza iliyapata hapa kwetu pwani: picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, zenye batobato, michirizi ya kahawia, madoa ya kahawia, utitiri wa kijani na utitiri mwekundu, na majani mazima yasiyo na ugonjwa. Mashine ilionyeshwa picha hizo na majina yake mpaka ikajifunza kutofautisha. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba inapata zaidi ya majibu 90 katika kila 100.

Magazeti yaliishia hapo. Wataalamu wenyewe, kwa sifa yao, hawakuishia hapo. Waliichukua simu wakaenda nayo makondeni, penye jua kali na upepo na vivuli na mimea yenye dalili hafifu, na sifa ikapungua sana. Mwaka 2020 wakachapisha kipimo kingine. Kwa jani moja Nuru ilipata 65 katika 100. Waweza kusema hiyo ni kazi mbaya. Lakini katika kipimo hicho hicho mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Na Nuru ilipotazama majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, ilipata kati ya 74 na 88.

Tafadhali zitazameni vizuri tarakimu hizo kabla ya kuzishangilia au kuzicheka. Mkulima hakukosea kwa ujinga. Magonjwa hayo yanafanana, tena yanafanana na njaa ya udongo na na kazi ya utitiri. Mtu aliyezaliwa kwenye muhogo anajua mmea huu hauna afya. Jina la ugonjwa ndilo linalompotea, na jina ndilo linaloamua kama pingili zake zapandwa tena au zachomwa moto. Hapo ndipo mashine inapomfaa. Nuru yafanya kazi pasipo intaneti, ambalo ni jambo kubwa kwa kijiji cha mbali. Haiwezi kuuona mzizi, wala virusi visivyotoa dalili katika jani. Kwa hiyo jibu lake kwamba mmea ni mzima halimwondolei mtu wajibu wa kutafuta pingili safi.

Habari ya ndege zisizo na rubani tutaipita upesi, maana huko Mwanza mpaka sasa zimejulikana zaidi kwa dawa kuliko kwa kilimo. Mwaka 2018 moja ilitoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40, ikichukua dawa za hospitali. Jambo zuri kwa mgonjwa. Kwa upande wa ramani sisi tuliwatangulia: kuanzia mwaka 2016 Tume ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walivipiga picha visiwa vyetu kutoka angani kwa ndege ndogo za namna hiyo, zikirushwa na vijana wetu wenyewe.

FEDHA ZATOKA WAPI?

Hili ndilo swali ambalo wanachama wanapaswa kuliuliza kwanza, na kwa kawaida huulizwa mwisho.

Duniani kote fedha ziliingia katika biashara ya teknolojia za kilimo na chakula kama mafuriko, kisha zikakauka. Mwaka 2021 watu wenye mitaji walitia humo dola zaidi ya bilioni 50. Mwaka 2023 walitia kama bilioni 16 tu. Karibu na nyumbani kuna mfano wa kampuni ya Gro Intelligence, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Bibi Sara Menker, mzaliwa wa Ethiopia, yenye ofisi Nairobi na New York. Kazi yake ilikuwa kukusanya takwimu za mazao na hali ya hewa za dunia nzima na kuziuza. Mwaka 2021 ilipata mtaji wa dola milioni 85, na magazeti makubwa yakaisifu. Mwaka 2024 ikafungwa. Wateja wake walikuwa makampuni na serikali, si mkulima mdogo, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mkulima alipoteza; lakini kama kampuni yenye mamilioni hayo imeweza kufunga milango ndani ya miaka mitatu, mwanachama asiuze ng'ombe wake kwa ahadi ya programu iliyoanza jana.

Wako wengine Nairobi, kama Apollo Agriculture, ambao hawauzi takwimu. Wao wanakopesha mbegu na mbolea, na picha za setilaiti huwasaidia kuamua nani akopeshwe. Mwaka 2022 walipata dola milioni 40. Njia hii ina akili zaidi, kwa kuwa kampuni hupata faida mkulima anapovuna na kulipa. Lakini ielewekeni: hapo takwimu za shamba lako zimekuwa dhamana yako.

AKILIMO na Nuru ni za namna ya tatu. Hazimdai mkulima hata senti, kwa kuwa zimelipiwa na wafadhili, na mfadhili huwa na mwisho wake. Mradi wa muhogo uliozaa AKILIMO ulikuwa wa miaka maalumu, ukaisha. Programu ikabaki mikononi mwa wenye kuitunza. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, ambalo lilikuwa limetoa fedha kwa kazi nyingi za namna hii, pamoja na ile ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Programu ya bure ni kama kisima kilichochimbwa na mgeni. Maji ni matamu, lakini uliza kamba ikikatika atanunua nani.

Mlipaji wa nne ni serikali. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ya Tanzania iliongezwa kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23. Mwaka huo huo wa 2022 ndipo mbolea ya ruzuku ilipoanza kutolewa kwa daftari la mashine: mkulima wa Bara huandikishwa kijijini, hupata namba, na kwa namba hiyo mwaka huo alinunua kwa wakala mfuko wa kilo 50 wa mbolea kama ya kupandia kwa shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa karibu mara mbili. Mwaka wa kwanza ulikuwa na misururu na malalamiko mengi, na mawakala walikuwa mbali na vijiji. Hata hivyo hatudhani kuna jambo lililowafanya wakulima wengi zaidi kukubali kuhesabiwa. Walipewa kitu mkononi papo hapo.

NA SISI?

Mkarafuu si muhogo. Hukaa miaka sitini na zaidi, huzaa kwa wingi mwaka mmoja na kupumzika mwingine, na mti mmoja wa Konde waweza kutoa mara tatu ya jirani yake uliopandwa siku moja nao. Ramani ya udongo ya miraba ya mita 30, ambayo kila mraba wake una mikarafuu kumi hivi ikiwa imepandwa futi 30 kwa 30, haitakuambia mti upi kati ya hiyo kumi ndio mama wa kuchukuliwa mbegu. Daftari litakuambia. Miti ikipigwa namba kwa rangi, na msimu wa kuchuma pishi za kila mti, au angalau za kila safu, zikaandikwa kabla hazijachanganywa, baada ya misimu minne mwenye shamba atakuwa na takwimu ambazo hazipo katika setilaiti yoyote. Ni kazi ya mtoto wa skuli na kalamu ya risasi.

Jambo la pili litufaalo ni utabiri wa mvua wa siku mbili tatu mbele, si wa msimu tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa huutoa, na kwa mtu mwenye karafuu juu ya jamvi ujumbe mmoja wa asubuhi usemao mvua yaja alasiri una thamani kuliko mashauri yote ya mbolea. Karafuu iliyolowa siku ya pili ya kuanikwa haiwi tena daraja la kwanza, hata ungeianua upesi namna gani. Twaona chama kingefanya vyema kuanza hapa, kwa kuhakikisha utabiri huo unamfikia kila mwanachama katika simu yoyote aliyo nayo, kabla ya kufikiri habari za kununua ndege.

La tatu ni magonjwa. Wazee wanakumbuka walivyosimuliwa jinsi mikarafuu ilivyokuwa ikifa ghafla katika miaka ya 1940 na 1950, na wataalamu wakahangaika nayo. Njia ya ziwani ya vikundi kukagua kila mwezi na kupeleka ujumbe yaweza kuigwa hapa pasipo mashine ya picha. Nuru haijui mkarafuu. Ili ijue, ni lazima mtu apige maelfu ya picha za miti yetu, na mtaalamu azitie majina. Na hapo ndipo suala la nani mwenye picha hizo linapokuwa si suala dogo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayechukua habari za mtu aseme anazichukua kwa kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Basi mgeni mwenye simu akifika barazani, mkaribishe, mpe kahawa, kisha muulize: habari hizi ni za kazi gani, zitakaa wapi, nani mwingine atazisoma, mimi nitapata nini na lini, na nikitaka zifutwe nimwendee nani? Akijibu kwa maandishi, zungumza naye. Akisema ni mambo ya kitaalamu huwezi kuyaelewa, kahawa imekwisha. Idadi ya mikarafuu yako na mavuno yako ya miaka mitano ni habari ambayo mnunuzi yeyote angependa kuwa nayo kabla ya kukaa nawe kupanga bei.

Kwa upande wetu twaona chama kiwe na daftari lake chenyewe, la hiari, linalotunzwa na wanachama, na anayetaka takwimu aje kwa chama zima badala ya kumwendea mwenye shamba mmoja mmoja. Huko Bara vyama vya ushirika vya pamba vina historia ndefu ya kupigania mizani ya haki, tangu siku za Bwana Paul Bomani na wenzake huko Mwanza miaka ya 1950, wakati wakulima walipochoka kupunjwa na wanunuzi wakaamua kupima wenyewe. Daftari la takwimu ni mizani ya namna nyingine.

Wanachama wenye muhogo chini ya mikarafuu, au katika makonde yao mengine, wanaweza kuijaribu Nuru sasa hivi pasipo kumngoja mtu. Mbegu za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizotolewa hapa Zanzibar mwaka 2007, zilichaguliwa kwa kustahimili michirizi ya kahawia, lakini kustahimili si kinga kamili, na pingili husafiri kutoka mkono hadi mkono pasipo mtu kuuliza zimetoka wapi. Ikague shina asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwa michirizi ya kahawia tazama majani ya chini yaliyokomaa, yasiyo na vumbi wala umande. Kwa batobato tazama yale machanga ya juu. Usipige picha ya jani moja ukaridhika. Piga sita katika kila shina, na shina zenye shaka zitie alama ya kamba, ili siku ya kukata pingili zisichanganyike na nzima.